Ahadi ni Deni: Tunapoisoma Skripti ya Sense and Sensibility

Filamu nyingi tunazitazama zikaisha, tukazijadili mezani wakati wa chakula cha jioni, na kesho yake tukazisahau. Chache tunazirudia. Miongoni mwa hizo chache, kwetu mafrateri tuliozoea kuazimana vitabu, ni Sense and Sensibility ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Ang Lee, mzaliwa wa Taiwan, kutokana na riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1811. Jina lake tungeweza kulifasiri Busara na Hisia. Walioiona filamu hiyo ni wengi. Wanaojua kwamba skripti yake ilichapwa kuwa kitabu ni wachache, nasi tunataka kueleza kwa nini kitabu hicho kinafaa kusomwa hata na mtu ambaye filamu anaijua kwa moyo.

Skripti iliandikwa na Emma Thompson, mwigizaji yuleyule aliyecheza nafasi ya Elinor. Aliifanyia kazi kwa takriban miaka mitano, rasimu juu ya rasimu, kabla kamera haijawashwa. Ilipochapwa, mwaka uleule wa filamu, iliambatana na shajara aliyoiandika siku za upigaji picha na utangulizi wa mtayarishaji, Lindsay Doran. Mwaka 1996 kazi hiyo ilimpatia Thompson Tuzo ya Oscar ya uandishi, naye alikuwa ameshapata nyingine ya uigizaji kwa filamu ya Howards End. Ni yeye peke yake aliyewahi kupata tuzo hizo za aina mbili.

Kusoma mchezo bila kuuona si jambo geni kwetu. Wengi wetu tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein shuleni, au Mabepari wa Venisi katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, bila kukanyaga ukumbi wa maigizo. Lakini skripti ya filamu si tamthiliya. Katika tamthiliya maneno ya wahusika hubeba karibu kila kitu. Mhusika anaweza hata kusimama peke yake na kuwaambia watazamaji yaliyo moyoni mwake. Mwandishi wa skripti hana nafasi hiyo. Ana sheria moja ngumu: lisiandikwe jambo ambalo haliwezi kuonekana wala kusikika. Hawezi kuandika "alihuzunika sana" akadhani amemaliza kazi. Lazima aseme mkono ulifanya nini, jicho lilielekea wapi, nani alitoka chumbani na nani alibaki.

Sasa fikirini ugumu wa kuifuata sheria hiyo katika riwaya ya Austen. Msimuliaji wake anaingia na kutoka katika nafsi ya Elinor apendavyo. Mapenzi ya Elinor na Edward Ferrars yanapoanza, Austen hatuonyeshi hata onyesho moja refu la wawili hao pamoja. Anatueleza tu, kwa aya chache, kwamba walizoeana na kuheshimiana. Msomaji wa riwaya anaridhika. Mtazamaji wa filamu hawezi kuridhika, kwa maana atatakiwa kuhuzunika baadaye kwa ajili ya watu ambao hajawaona wakipendana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanzo wa skripti ni kazi ya Thompson mwenyewe.

Kwa asiyeijua hadithi: Bwana Dashwood anafariki, na shamba la Norland linakwenda kwa John, mtoto wa kiume wa ndoa ya kwanza. Mjane na binti zake watatu, Elinor, Marianne na Margaret, wanabaki na pauni 500 kwa mwaka na kuhamia nyumba ndogo huko Devon. Elinor anampenda Edward, shemeji yake John. Marianne anampenda kijana aitwaye Willoughby, ambaye atamwacha, huku Kanali Brandon, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, akimpenda Marianne bila kusema. Yatosha.

Kilichotushika tulipoisoma skripti, na ambacho filamu haikutuonyesha waziwazi hata baada ya kuitazama mara kadhaa, ni kwamba hadithi nzima imejengwa juu ya ahadi. Filamu inafunguka na ahadi kando ya kitanda cha mauti: baba anamwomba John awasaidie mama yake wa kambo na dada zake, na John anakubali. Halafu anakwenda nyumbani London kwa mke wake, Fanny. Mpango wake ni kuwapa dada zake pauni 3,000. Fanny anauliza swali dogo, na kiasi kinashuka hadi nusu. Anauliza lingine, na sasa ni pauni 100 kwa mwaka kwa mama. Anakumbusha kwamba watu wenye kulipwa kila mwaka wana tabia ya kutokufa, na sasa ni zawadi ndogo za mara mojamoja. Katika riwaya mazungumzo haya ni sura moja, mahali pamoja. Thompson ameyakatakata: yanaanzia nyumbani na kuendelea ndani ya gari la farasi kuelekea Norland. Farasi wanakwenda, na fedha inapungua. Wanapofika langoni haijabaki hata shilingi, na John hajisikii kwamba amevunja neno lake. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri.

Tunaposoma maadili darasani tunaambiwa dhamiri hulegea kidogo kidogo. Hatujaona mfano mkali kuliko kurasa hizi tatu nne. Na hapo ndipo karatasi inapokuwa na faida kuliko kioo. Ukiitazama kurasa ya John na Fanny kwa macho tu, bila hata kuisoma, unaona imejaa mazungumzo kutoka juu hadi chini. Mhusika anayevunja ahadi ana maneno mengi. Fungua sasa kurasa za Elinor baada ya kukabidhiwa siri ya Lucy Steele, unaona kinyume chake: mstari mmoja wa kusema, kisha maelekezo, kisha mstari mwingine mfupi.

Kabla ya siri hiyo tutaje kwanza onyesho la atlasi, kwa sababu linatuhusu watu wa huku. Edward anafika Norland akiwa mgeni, na Margaret, mdogo wao, amejificha chini ya meza ya maktaba kwa hasira. Edward hamwiti atoke. Anamwuliza Elinor kwa sauti kama ana atlasi ya kutegemewa, maana anataka kujua Mto Nile uko wapi. Elinor anaelewa mchezo papo hapo, na wote wawili wanaanza kutaja mahali pa ajabu ajabu, bara hili na lile, mpaka mtoto anashindwa kuvumilia ujinga huo na kutoka chini ya meza kuwasahihisha: chanzo cha Nile kiko Uhabeshi. Haya hayamo katika riwaya. Ndani ya dakika mbili Thompson ametuonyesha kwamba Edward ni mpole kwa watoto, kwamba Elinor ana akili nyepesi, na kwamba wawili hao wanaweza kuelewana bila kuambiana kitu. Hakuna aliyetamka neno upendo.

Msomaji wa Mwanza au Jinja atatabasamu kwa sababu nyingine. Margaret alikuwa sahihi kwa zama zake. Chanzo cha Nile ya Buluu huko Uhabeshi kilikuwa kimeshaonwa na Mjesuiti Mhispania, Padre Pedro Páez, tangu mwaka 1618. Ila John Hanning Speke alikuwa bado hajazaliwa, na ziwa ambalo wenyeji wetu walivua samaki wake kizazi baada ya kizazi halikuwa katika atlasi yoyote ya Norland. Tunaendelea.

Lucy Steele anamchukua Elinor pembeni na kumweleza kwamba yeye na Edward ni wachumba kwa siri tangu miaka kadhaa. Anamwomba asimwambie mtu. Elinor anampa neno lake. Katika filamu Lucy anatoa leso yenye herufi za jina la Edward, sawasawa na leso ambayo Edward alimpa Elinor siku alipomkuta akilia kwa kumkumbuka baba yake. Austen alitumia vitu vingine, pete yenye nywele na picha ndogo. Thompson amechagua leso, nasi tunaona amechagua vizuri: kitu kilichofuta machozi ya kwanza ndicho kinacholeta ya pili, nayo hayaruhusiwi kutoka.

Kuanzia hapo Elinor anabeba mzigo wa watu wawili. Anamtunza Marianne aliyeachwa na kulia nyumba nzima ikasikia, na yeye hana wa kumwambia. Kuna onyesho ambalo kwenye karatasi ni mistari michache tu. Willoughby ameondoka ghafla. Mama, Marianne na Margaret wanaingia kila mmoja chumbani kwake wakilia na kufunga milango. Elinor anabaki kwenye ngazi na kikombe cha chai mkononi. Anakaa, anakunywa. Kwenye filamu watu hucheka hapo, na ni haki yao. Kwenye skripti mtu husimama kidogo, kwa sababu hakuna muziki wala uso wa mwigizaji wa kumwambia ajisikie vipi.

Onyesho tunalolipenda kuliko yote liko London, sebuleni kwa Bi. Jennings. Lucy yuko kwa Elinor. Edward anaingia, anamwona Elinor, anafurahi, na hajamwona Lucy. Ni Elinor mwenyewe anayelazimika kumwonyesha kwamba Lucy yumo. Kisha anaingia Marianne, asiyejua lolote, na kwa furaha yake anamkaribisha Edward kama mtu wa Elinor mbele ya mchumba wake halisi. Watu wanne, viti vinne, na kila sentensi ya adabu inamchoma mmoja wao. Kama mtu angetaka kufundisha namna ya kusoma skripti, angewapa wanafunzi kurasa hizi na swali moja: katika kila mstari, nani anajua nini? Mwenye kujua mengi zaidi ndiye anayesema machache zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hapa mwanafunzi wa falsafa ataleta pingamizi, na limeshaletwa kwetu zaidi ya mara moja: je, Elinor si mwongo? Anamwacha dada yake aamini jambo lisilo la kweli. Anatabasamu akiwa na jeraha. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapojadili uongo katika Summa Theologiae, anatofautisha. Kusema uongo ili kumtoa mtu hatarini hakuruhusiwi. Kuificha kweli kwa busara kwaruhusiwa. Elinor hasemi lisilokuwapo. Anazuia lililopo, kwa sababu si lake. Siri ni ya Lucy, hata kama Lucy ameitoa kwa hila ili kumfunga mdomo mshindani wake. Hilo ndilo linalotukera na kutuvuta: ahadi imeombwa kwa nia mbaya, na bado inabaki ahadi. Sisi tunaolelewa kuelekea upadre tutasikiliza siri nyingi hata nje ya kiti cha maungamo, na si zote zitakazoletwa kwa nia njema. Tunapojadili onyesho hili hatujadili mambo ya Waingereza wa zamani tu.

Lakini isidhaniwe kwamba kitabu hiki kinasifu ububu. Bi. Jennings anasema kuliko wote, hana siri hata moja inayomkaa tumboni, na ni mmoja wa watu wema kabisa katika hadithi. Marianne anapougua, wema wake unaonekana. Na Marianne mwenyewe, anayesema kila anachohisi, hasemi uongo. Ubaya wa John si kusema sana, ni kutumia maneno kama ngazi ya kushukia kutoka katika neno lake. Marianne ana shitaka la haki pia. Siri inapofichuka na watu wengine, anagundua kwamba dada yake alijua siku zote, na kwa kuwa hakumwona akilia, anadhani hakuumia. Ndipo Elinor, kwa mara ya kwanza, anapandisha sauti. Katika riwaya anakumbusha kwamba amebeba jambo hilo miezi minne. Ni moja ya mahali pachache katika skripti ambapo maneno yake yanajaza ukurasa.

Mwanafalsafa Gilbert Ryle, aliyeandika The Concept of Mind mwaka 1949 kupinga wazo la kwamba nafsi ni kama mzuka uliojificha ndani ya mashine, alikuwa mpenzi mkubwa wa Austen na alimwandikia insha akimwona yuko upande wa Aristotle. Angeipenda sheria ya skripti, kwamba la ndani lijulikane kwa la nje. Sisi hatumfuati mpaka mwisho. Elinor kwenye ngazi anafanya tendo la ndani kabisa la utashi, na chai haiwezi kulimaliza. Lakini hata Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba mazoea ya nafsi tunayatambua kupitia matendo yake, na ndicho anachokifanya msomaji wa skripti: anapewa tendo na kutafuta fadhila iliyolizaa. Alasdair MacIntyre, katika After Virtue ya mwaka 1981, alimwita Austen sauti kubwa ya mwisho ya mapokeo hayo ya fadhila. Tuliposoma sentensi hiyo mara ya kwanza tulidhani amezidisha. Baada ya skripti hatudhani hivyo.

Na Edward? Yeye ana ahadi ya tatu. Alimchumbia Lucy akiwa kijana mdogo, upendo umekwisha, na mama yake anatishia kumnyima urithi kama hatamwacha. Edward anakataa kumwacha. Anapoteza urithi. Anachotaka maishani ni kuwa mchungaji wa parokia ya kijijini, jambo ambalo familia yake inaliona dogo mno. Na Kanali Brandon, akisikia habari zake, anampa parokia ya Delaford. Brandon anamwomba Elinor ampelekee Edward habari hiyo. Yaani Elinor ndiye anayempa mwanamume anayempenda uwezo wa kumwoa mwingine, na anafanya hivyo kwa adabu kamili.

Tulibishana juu ya Edward. Kanisa, katika kanuni ya 1062, linasema ahadi ya uchumba haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe, ingawa madai ya fidia yanaweza kuwapo. Sheria ya Uingereza ya wakati ule nayo ilimruhusu mwanamke aliyeachwa kudai fidia mahakamani. Kwa hiyo Edward hakufungwa kama alivyofikiri, na wengine wetu wanasema kumwoa Lucy bila upendo kungekuwa kumdhulumu hata Lucy. Hoja ni nzito. Austen anamwokoa kwa njia nyingine: Lucy mwenyewe anamwacha na kuolewa na ndugu yake Robert, aliyepewa ule urithi. Tunakiri kwamba hapo hadithi inamfanyia Edward huruma ambayo maisha hayamfanyii kila mtu.

Shajara, nusu ya pili ya kitabu, ni ya kucheka zaidi. Ang Lee alifungua siku ya kwanza kwa ibada ndogo ya kwao ya kuomba heri, na aliwapa waigizaji kazi ya kuandika insha juu ya wahusika wao, kama wanafunzi. Elinor wa riwaya ana miaka 19. Thompson alifikisha 36 mwaka ule, na muongozaji hakusita kumwambia asionekane mzee. Ukiisoma baada ya skripti unaona namna mstari mmoja ulioandikwa "mvua" unavyoweza kugharimu siku nzima.

Tuna lawama moja. Katika riwaya Willoughby anakuja usiku, Marianne akiwa mgonjwa, kumweleza Elinor majuto yake, na Elinor anajikuta akimwonea huruma bila kumpa haki. Filamu haina onyesho hilo. Badala yake Willoughby anaonekana mwishoni juu ya kilima, juu ya farasi, akitazama harusi ya Marianne na Brandon kwa mbali. Ni picha nzuri, lakini mtu aliyevunja ahadi ameondolewa nafasi ya kusema, na sisi tungependa kumsikia, tukijua jinsi wavunja ahadi wengine wanavyosema hapa.

Mwisho wa Elinor ndio uliotugawa kabisa. Edward anafika na kusema aliyeolewa na Lucy ni Robert. Katika riwaya Elinor anatoka chumbani karibu akikimbia, mlango unafungwa, na ndipo analia. Katika skripti hatoki. Wengine wanatoka, yeye anabaki kitini, na kilio alichokizuia muda wote huo kinatoka chote mbele ya Edward, kikubwa, kisicho na uzuri wowote. Baadhi yetu wanaona Thompson amemvua Elinor heshima yake. Wengi wetu tunaona kwamba mlango ulikuwa wa lazima kwa Austen kwa sababu alikuwa na msimuliaji wa kutuambia kilicho nyuma yake. Mwandishi wa skripti hana, na hawezi kufunga mlango. Tena siri imekwisha. Neno alilompa Lucy halimfungi tena.

Edward anaanza kusema yaliyo moyoni mwake, na baada ya maneno machache tu tunapelekwa nje. Mama na Marianne wamesimama bustanini, na Margaret yuko katika kibanda chake juu ya mti akichungulia na kuwapa habari walio chini. Anawaambia Edward anapiga magoti. Maneno yaliyofuata ndani ya nyumba hayakuandikwa.